Aliyenyimwa "Wewe"

Siku baba yangu alipopewa fimbo ya unyapara, alipiga hesabu akaona atabakiwa na watu wawili wa kumwita "wewe": mama yangu, na Clem Ogley. Akabaki na mmoja. Habari yenyewe ndiyo hiyo, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka, ingawa wenyewe wote wako makaburini na hakuna wa kugombana naye.

Baba yangu ni Ezra Lumb. Kwetu Carr Royd, kijiji cha makaa ya mawe nje kidogo ya Barnsley, mtu mmoja huitwa "wewe" na mwenzake, na "ninyi" na asiye mwenzake. Mkubwa humwita mdogo wewe, mdogo humjibu ninyi. Mke na mume ni wewe kwa wewe, mpaka wanuniane. Wachimbaji wakiwa chini ya ardhi ni wewe kwa wewe, maana jiwe likianza kushuka huna nafasi ya kusema, "Bwana, tafadhalini, sogeeni kidogo." Mungu naye ni wewe, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu alikuwepo kabla ya adabu. Lakini mtoto kumwita mzazi wake wewe, hilo halipo. Nililijaribu mara moja nikiwa mdogo, nikitaka kujionyesha mbele ya wenzangu, baba akanipiga konzi la kichwa. "Mwite wewe mwenzio," akasema, "usiniite mimi!" Kila mtoto wa kijijini amesikia maneno hayo, na karibu kila mtoto amepokea na konzi lake.

Shuleni tulikuwa na Bi Pilley, mwalimu aliyetoka kusini, ambaye alitupiga rula tukisema wewe darasani. Alitueleza kwamba zamani Waingereza wote walisema wewe kwa mmoja na ninyi kwa wengi, kama watu wenye akili timamu. Kisha wafalme wakaiga mambo ya Ufaransa, wakataka kuitwa kana kwamba wako wengi ndani ya koti moja. Mabwana wakubwa wakaona wivu, nao wakataka. Wenye maduka wakataka. Mwisho hata muuza samaki wa London akawa ninyi, na neno la wewe likafukuzwa mjini, likabaki kwa Mungu, kwa mbwa na kwa watu wa Yorkshire. "Sasa chagueni," Bi Pilley akasema, "mnataka kuwa kundi gani?" Nilipomsimulia baba akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie mwalimu wako," akasema, "zamani kuna watu wa dhehebu moja walitiwa jela kwa kumwita hakimu wewe. Hawakukubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wengi. Nyumba yao ya ibada bado iko pale kilimani, aende akawasome makaburini." Baba hakuwa mtu wa dhehebu lile, sisi tulikuwa Wamethodisti, ila alipenda kila mtu aliyewahi kumkera hakimu.

Sasa Clem. Huyu na baba walishuka shimoni asubuhi moja, wangali wavulana wa suruali fupi, na tangu hapo hawakuachana. Walifanya kazi ukuta mmoja wa makaa, huyu anachimba, yule anapakia. Mkate uliopakwa mafuta ya nyama walikula kwenye kopo moja. Nje ya shimo walikuwa na banda la njiwa wa mashindano, wale wanaoachiwa mbali washindane kurudi kwao, kule kwenye viwanja vya mboga nyuma ya reli, banda walilolijenga kwa mbao za kuokota na bati la kuomba. Clem hakuoa. Alisema hajaona mwanamke anayerudi nyumbani haraka kama njiwa. Kila Jumapili alikula kwetu, na sisi watoto tulimwita ninyi, yeye na baba wakiitana wewe huku na huku mezani kama watu wanaorushiana mpira. "Wewe, umemlisha yule wa kijivu?" "Nimemlisha mimi, wewe ulikuwa umelala na mdomo wazi." Hivyo ndivyo nilivyojua sauti ya urafiki kabla sijajua neno lenyewe.

Mama ndiye aliyetaka baba awe nyapara. Kifua cha baba kilikuwa kimeanza kupiga filimbi usiku, na nyapara hachimbi. Hutembea na taa na fimbo, anapima hewa mbaya, anagonga paa la shimo asikie kama ni zima, anasema wapi pa kwenda na wapi pa kutoenda. Baba alisita sana. Cheo ni dhamana, alijua, na nyapara si mwenzao wachimbaji wala si mwenzao wakubwa wa ofisini. Yuko katikati peke yake. Lakini mama alimsukuma, baba akafanya mtihani, akapita. Jioni hiyo alikwenda bandani kumwambia Clem, nami nikafuata nikibeba maganda ya viazi ya kulisha sungura.

"Nyapara?" Clem akasema. "Wewe Ezra? Wewe usiyeweza kumwamuru paka atoke kitini?"

"Ndiyo mimi. Kuanzia Jumatatu usinifanyie ukaidi."

"We acha tu. Watu watakupanda kichwani." Kisha akampa mkono, akautikisa sana, akaugeukia ukuta na kuanza kukwangua mavi ya njiwa. Nilidhani vumbi limemwingia machoni.

Jumatatu baba alifika kwenye kizimba cha kushukia, fimbo mkononi. Clem akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Bwana Lumb. Mnataka tuanzie wapi leo?"

Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka. Alinisimulia mwenyewe kwamba alicheka kuliko wote.

"Acha utani wako, wewe."

"Si utani, Bwana Lumb. Mna fimbo."

Baba aliona ni mzaha wa siku ya kwanza, utaisha. Jioni bandani akamkuta Clem anatia maji.

"Yule jike wenu wa kijivu ametaga," Clem akasema.

"Wenu? Jike wetu! Tulimpata pamoja!"

"Basi ametaga."

"Clem, tuko wawili hapa. Nani anatusikia?"

"Njiwa wanasikia, Bwana Lumb."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumapili akaja kula kama kawaida, viatu vinang'aa, akaketi mahali pake. Mama alikuwa ameshaandaa lile andazi la mayai na mchuzi, ambalo kwetu huliwa kabla ya nyama, na watu walikuwa wamenyamaza wakila vizuri.

"Nipeni chumvi, Bwana Lumb," Clem akasema.

Mama akaweka kijiko chini. "Clem Ogley. Huyu unayemwita ninyi, soksi zake nazifua mimi. Hamna wengi humo. Yumo mmoja, na ananuka."

"Wewe, Winnie, ni rafiki yangu," Clem akamjibu kwa upole. "Yeye ni nyapara."

Mama aliitwa wewe mezani pake, mbele ya mumewe aliyekuwa ninyi! Baba alisukuma kikopo cha chumvi kwa nguvu mpaka kikaanguka. Clem akakiokota, akatia chumvi, akashukuru. "Asanteni."

Ungeelewa kama angekuwa amekasirika. Mtu akikukasirikia unaweza kumwomba radhi, au kupigana naye, mkamaliza. Clem hakukasirika hata kidogo. Aliendelea kuja kula, aliendelea kutunza njiwa, baba alipopata mafua alimletea supu ya mbaazi. "Kunyweni ingali moto, Bwana Lumb." Wanasema heshima si utumwa. Yale yalikuwa kifungo kabisa, na mlinzi wa jela anakuletea supu.

Baba alijaribu kila njia. Alimtukana Clem ili atukanwe. Alijifanya amesahau kumfungia dume lao bora, Clem akamtafuta mpaka juu ya paa la kanisa, akarudi naye mikononi akiwa amelowa chapachapa. "Mlisahau mlango, Bwana Lumb." Basi. Alimnywesha bia klabuni mpaka Clem akaanza kuimba, na hata katika ulevi, akimwegemea baba begani njia nzima, alisema, "Ninyi ni watu wazuri sana." Ninyi, huku amemshika mtu mmoja! Nilimwona baba akimlaza Clem kitandani kwake siku ile, akamvua viatu, akatoka nje. Sijawahi kumwona mtu amechoka namna ile pasipo kufanya kazi.

Kisha klabuni mtu mmoja akasema neno, na neno lile likamfikia baba. Alisema: "Nyapara humwita Clem wewe, Clem humjibu ninyi. Hivyo ndivyo mtu anavyosema na mbwa wake." Hapo baba alinywea. Maana ilikuwa kweli. Wewe ya marafiki ikijibiwa ninyi, inageuka kuwa wewe ya bwana kwa mtumishi, hata kama mdomo na moyo ni vilevile. Kila alipomwita Clem kwa upendo wake wote wa tangu utotoni, watu walisikia dharau.

"Nifanyeje?" akamwuliza mama jikoni. "Nikimwita wewe, namfanya mbwa. Nikimwita ninyi, ndiyo nimeuzika urafiki wetu."

"Mzabe kofi," mama akasema.

"Winnie!"

"Mimi sina jibu jingine. Nyie wanaume mna neno moja linalowauma, na badala ya kulisema mnalishikilia kama fupa."

Asubuhi moja alikwenda shimoni ameamua kumwita Clem ninyi, ili wawe sawa. Alirudi ameshindwa. Alisema alifungua mdomo, akatoa sauti kama mbuzi, akaufunga. Akaendelea na wewe yake, watu waseme wanavyotaka.

Lililomkata maini kabisa ni la kanisani. Clem alikuwa na sauti nzuri, na mara nyingine aliombwa kuongoza sala. Siku hiyo akasimama, akafumba macho. "Ee Bwana," akasema, "wewe uliyeziumba mbingu, wewe uliyeipima bahari, wewe unayetujua sisi kila mmoja kwa jina lake..." Wewe, wewe, wewe, kama mvua juu ya bati. Nilimsikia baba pembeni yangu akivuta pumzi kwa pua. Hatujafika hata kona ya duka akalipuka.

"Umesikia? Muumba wa mbingu na nchi anaitwa wewe! Mimi nimeumba nini? Banda la njiwa, tena nusu!"

"Ezra, watu wanatazama," mama akasema.

"Watazame! Wamwone mtu mkubwa kuliko Mungu!"

Mimi nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, nauza kitambaa dukani, na ujana una kiherehere. Nikaona kama wazee wameshindwa, nitauliza mimi. Nilimkuta Clem bandani, anamshika njiwa mmoja kifuani anamkagua bawa. Nikamwuliza moja kwa moja. "Bwana Ogley, baba amewakosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Mbona mnamwumiza?"

Akalikunja bawa la njiwa taratibu. Kisha akasema, "Wewe Mavis, hukumwona baba yangu. Alikuwa na rafiki nyapara. Waliitana wewe, kama mimi na Ezra. Siku moja yule nyapara akamwambia, paa ni zima, wewe nenda. Baba yangu alisikia paa linalalamika. Kama angeambiwa na mtu mwingine, angeuliza: mmeligonga? mmesikiliza? Lakini rafiki haulizwi, Mavis. Rafiki huaminiwa. Akaenda." Akamrudisha njiwa kwenye kichanja chake. "Baba yako ni nyapara mzuri kwa sababu namwuliza. Kila siku namwuliza. Nikimwita wewe nitaacha kumwuliza."

Niliondoka pale. Nyumbani nikamweleza baba, nikidhani nimeleta dawa. Alinitazama kana kwamba nimempa habari ya jana.

"Najua," akasema. "Nilikuwa karibu yake siku walipomtoa mzee wake. Nani alimshika Clem asione? Na ana haki. Chini kule ana haki, sibishi. Lakini bandani, Mavis? Paa la bandani ni bati. Likimwangukia litamtoa nundu!"

"Anasema ulimi hauwezi kuwa na milango miwili," nikasema. Hilo alilisema kweli, nilipokuwa natoka.

"Wake una mlango mmoja, na ameufunga kwa komeo." Akachukua kofia yake, akaenda bandani kulisha njiwa pamoja na mtu huyohuyo.

Tangu hapo baba akashika tumaini moja tu. Akirudisha fimbo, Clem atarudisha neno. Hakulisema mara nyingi, ila tulilijua sote. Wanyapara wengine walipofikia umri wa kustaafu walinung'unika, wakaomba kuongezewa. Baba aliungoja ule wakati kama mtoto anavyongoja Krismasi. Clem alistaafu kabla yake, vumbi likiwa limeshamjaa kifuani, akawa anakaa bandani kutwa nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakohoa na kuzungumza na ndege. Tena alizungumza nao kwa wewe, kila mmoja.

Siku yenyewe ikafika. Ofisini waliandaa chai na hotuba. Baba hakungoja hotuba. Alikabidhi fimbo, akakabidhi taa, akatoka na nguo za kazi na masizi usoni, akapita nyumbani kwetu bila kuingia. Mimi nilikuwa kiwanjani nakata kabichi, nikamwona anakuja karibu akikimbia, mtu wa umri ule. Clem alikuwa mlangoni pa banda.

"Nimerudisha fimbo," baba akasema. Pumzi zilikuwa zimemwishia. Alifungua mikono kuonyesha haina kitu.

Clem akasimama, akavua kofia. "Hongereni, Bwana Lumb."

Nilisikia kisu changu kikianguka. Baba alisimama vilevile na mikono imefunguka. Kisha akapiga ndoo teke, ikagonga banda, na njiwa wote waliokuwa juu wakaruka kwa kishindo.

"Sina fimbo!" akapiga kelele. "Niangalie! Iko wapi? Iko mfukoni? Iko kwenye kofia? Unaogopa paa gani sasa, wewe? Lile?" Akaonyesha mbingu. Clem aliangalia njiwa walikokimbilia. Na nadhani kule kuangalia njiwa ndiko kulikommaliza. Baba akashusha mikono. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya karani wa posta.

"Sawa. Mmeshinda, Bwana Ogley. Njiwa wote ni wenu. Ufunguo huu hapa, upokeeni. Nawatakia afya njema."

Nilimwona Clem anageuka taratibu. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Umesemaje?"

"Nimesema upokeeni ufunguo."

"Usiniite hivyo."

"Niwaiteje basi, Bwana Ogley? Mnapenda nini?"

"Ezra! Usini... Wewe! Wewe Ezra Lumb! Wewe ni mtu wa kuniita mimi ninyi? Mimi? Kwani nimekufa? Mimi mgeni wako? Tangu tuko suruali fupi hujawahi, wewe, hata siku moja hujawahi! Wewe mshenzi mkubwa wewe!" Hapo kikohozi kikamkamata, akajikunja, na bado akawa anamnyooshea baba kidole, wewe, wewe, bila sauti.

Baba alimshika mabega akamkalisha. Hakukuwa na ndoo, akamkalisha chini kwenye majani. Akangoja kikohozi kipite.

"Mimi nimeitwa hivyo miaka yote hii," akasema. "Umeonja mara moja tu. Ina ladha gani?"

Clem alifuta macho kwa kofia. "Hukuonekana kuumia, wewe."

"Wewe ulikuwa unaangalia njiwa."

"Mdomo ulizoea," Clem akasema. Alikuwa anatazama mikono yake. "Na wewe uliniita wewe kila siku. Kila siku uliniita. Nikadhani inatutosha sote wawili."

Sikukaa kusikia zaidi. Niliacha kabichi palepale nikaenda nyumbani, na njia nzima nilikuwa nalia kwa hasira. Inatutosha sote wawili! Mzee mzima, mwimbaji wa kanisani, alikula wewe ya mwenzake miaka yote kama mtu anayekula kwenye sahani ya jirani, akijua kabisa mwenzake ana njaa, na hakuna aliyeweza kumwambia, si mama, si mimi, wala baba mwenyewe, mpaka sahani ilipoondolewa. Nilipomweleza mama alikaa chini. "Ningemzaba mimi kofi siku ile ya chumvi," akasema, "tungekuwa tumemaliza."

Jumapili Clem akaja. "Wewe, sogeza chumvi," akamwambia baba, na baba akaisogeza polepole ili aambiwe tena. Walikuwa na kiangazi kimoja na nusu ya vuli. Walipoteza mashindano yote, njiwa wao walikuwa wazee kama wao, na kila njiwa aliyechelewa walilaumiana kwa furaha, wewe ulimshibisha, wewe ulimwacha kwenye baridi. Kabla ya theluji ya kwanza kifua cha Clem kikakataa kabisa. Kaburini mchungaji alisema maneno yake kwa Mungu, na alipomaliza baba akasema ya kwake, si kwa Mungu. "Mkaidi wewe." Akatupa udongo, akaenda kulisha njiwa.

Watu huniambia, angalau walipatana. Mimi sitaki angalau. Miaka yote ile walikuwa wanaonana kila siku, banda moja, meza moja, na neno lenyewe halina gharama. Nikipita nyuma ya reli, banda lilipokuwa, bado nakasirika.

Mama akafuata miaka michache baadaye. Baada ya mazishi nyumba ikajaa watu wenye adabu. Daktari alisema ninyi, mleta maziwa alisema ninyi, mchungaji, majirani, wajukuu waliofundishwa vizuri. Mimi nami. Hapakuwa na neno baya lililosemwa mle ndani. Baba alikaa kwenye kiti chake, akiangalia cha mama, na kila tulipomsemesha alijibu kwa upole, kama mtu aliyefikia hotelini.

Jumapili moja tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimempikia andazi lake na mchuzi, hakuligusa. Nilimwekea chai. Nilisimama nyuma yake na birika mkononi, mwanamke mzima, mama wa watoto, nikilikumbuka lile konzi.

"Wewe," nikasema. "Chai yako inapoa."

Bega lake lilikaza. Aligeuza kichwa, akaniangalia kwa jicho lile la zamani, na nikajikuta nimeinamisha kichwa bila kutaka.

"Mwite wewe mwenzio," akasema, "usiniite mimi."

Nikaweka birika chini. Akakigeuza kikombe kwenye kisahani chake, akakigeuza tena. Nje treni ya makaa ilipita, madirisha yakatetemeka, ikaisha.

"Sema tena," akasema.